Kidole kimoja kikipata kitufe chake: Msaada kwa mtoto asiyeweza kushika kalamu

Mbeya/Iringa. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Katika nyumba yenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo, methali hiyo inaweza kuwa hali ya kila siku. Kati ya vidole kumi, mtoto anaweza kuwa na kimoja tu anachokituma kikaenda. Vingine vinakaza, vinatetemeka au vinajikunja ndani ya kiganja.

Wenzake wakianza darasa la kwanza na kushika penseli, yeye penseli inamponyoka. Mzazi anaambiwa asubiri mtoto akue. Mwaka unapita, mdogo wake anamtangulia shuleni, na taratibu watu wa nyumbani wanaanza kuamini kwamba mkono usioandika ni dalili ya akili isiyoelewa.

Hayo ni mambo mawili tofauti. Kipo kifaa kidogo, chenye ukubwa wa kiganja, kinachoweza kumsaidia mzazi kuyatenganisha. Ni kibao cha vitufe vinavyopangiwa kazi. Kitufe kimoja kikibonyezwa mara moja, kompyuta inafanya kazi ambayo mtu mwingine angeifanya kwa kugusa kibodi mara ishirini au zaidi.

Wahasibu, wahariri wa video na wacheza michezo ya kompyuta hukitumia kuokoa muda. Kwa mtoto wa Uyole, Mwanjelwa, Kihesa au Mlandege ambaye mkono wake haumtii, kifaa hichohicho kinaweza kuwa njia yake ya kwanza ya kuandika jina lake bila kushikwa mkono na mtu.

Mkono na akili ni vitu viwili

Mtindio wa ubongo hutokea pale ubongo wa mtoto unapoumia au kutokua sawasawa, akiwa bado tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka yake ya mwanzo. Mtoto kukosa hewa wakati wa kujifungua ni miongoni mwa sababu. Nyingine ni kuzaliwa njiti, umanjano mkali wa mtoto mchanga usiotibiwa mapema, homa ya uti wa mgongo na malaria kali inayopanda kichwani.

Jeraha lenyewe kwenye ubongo haliongezeki, na hakuna dawa ya kulifuta. Kinachobadilika ni misuli na viungo kadiri mtoto anavyokua. Ndiyo maana mazoezi na ukaaji mzuri vina umuhimu mkubwa.

Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali unaonyesha kuwa kati ya watoto watatu wenye hali hii, mmoja hivi hatembei, na kati ya wanne, mmoja hivi hazungumzi. Karibu nusu yao wana ulemavu wa akili wa kiwango fulani. Maana yake ni kwamba nusu nyingine hawana. Na hata wale walio nao wanajifunza, kila mmoja kwa kasi yake.

Tatizo ni kwamba shule nyingi hupima akili kwa mkono. Mtoto asiyeandika na asiyeongea hana njia ya kuonyesha anachokijua. Akinyamaza, wengi huchukulia kwamba hana la kusema.

Kibao hiki kinafanyaje kazi?

Ndani ya kibao kuna chipu ndogo. Kibao kinapochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, kinajitambulisha kama kibodi ya kawaida, na kompyuta inakipokea. Haijui kama anayeandika ana vidole kumi au ana kitufe kimoja. Inachopokea ni herufi na maagizo tu.

Kwa hiyo kitufe kinaweza kupangiwa kuandika herufi moja, neno zima, sentensi, au mfululizo wa maagizo. Kitufe chekundu kinaweza kufungua kitabu cha hadithi. Cha kijani kinaweza kuandika jina la mtoto, darasa na somo juu ya ukurasa. Cha bluu kinaweza kuhifadhi kazi na kufunga faili, jambo ambalo kwa kawaida linahitaji kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kwa mtoto mwenye mkono mmoja unaotii huo ni mlima.

Kabla ya kununua, mzazi aulize swali moja: maagizo yanakaa wapi? Kuna vibao vinavyohifadhi maagizo ndani yake vyenyewe. Hivyo mtoto anaweza kwenda navyo shuleni, akachomeka kwenye kompyuta nyingine, vikafanya kazi ileile. Vingine hutegemea programu iliyowekwa kwenye kompyuta ya nyumbani. Ukihamisha kibao bila programu hiyo, vitufe havitakumbuka walichopangiwa.

Usikimbilie dukani

Ripoti ya mwaka 2022 ya Shirika la Afya Duniani na Unicef ilieleza kuwa zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, iwe miwani, kiti cha magurudumu au kifaa cha mawasiliano. Katika baadhi ya nchi maskini, wanaovipata kati ya wanaovihitaji wanaweza kuwa asilimia 3 tu, wakati katika nchi tajiri wanafika asilimia 90.

Pengo hilo ni la kweli, lakini lisimkatishe mzazi tamaa. Sehemu kubwa ya msaada huu tayari imo ndani ya kompyuta na simu, na haiuzwi.

Kompyuta zinazotumia Windows zina mpangilio uitwao Sticky Keys. Unawashwa kwa kubonyeza kitufe cha Shift mara tano mfululizo. Ukishawaka, mtoto hahitaji kushika vitufe viwili kwa wakati mmoja. Anabonyeza kimoja, anapumzika, anabonyeza cha pili, na kompyuta inaelewa kuwa vinaenda pamoja.

Upo mwingine uitwao Filter Keys, ambao ni mkombozi kwa mkono unaotetemeka. Unaiambia kompyuta ipuuze mibonyezo ya bahati mbaya, au ile inayojirudia kwa sababu kidole kimechelewa kuachia. Yule aliyekuwa akitaka kuandika "a" na kupata "aaaaaaa" anapata "a" moja.

Hatua inayofuata ni kutumia kibao cha namba, kile cha USB ambacho wahasibu huchomeka pembeni ya kompyuta mpakato. Kompyuta hutofautisha namba zinazotoka kwenye kibao hicho na zile za safu ya juu ya kibodi. Kwa kutumia programu ya bure kama AutoHotkey, inayopatikana tangu mwaka 2003, kila kitufe cha kibao hicho kinaweza kupangiwa kazi mpya. Kitufe cha 1 kinaacha kuwa 1, kinakuwa "Mwalimu, nimemaliza."

Maagizo ya kazi rahisi huandikwa kwa mstari mmoja au michache kwa kila kitufe. Mzazi ambaye hajazoea kompyuta anaweza kuomba msaada kwa kijana anayesoma mambo hayo. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST), na mikoa yote miwili ina vyuo vya Veta. Ni kazi ya jioni moja kwa kijana anayejua, na inaweza kubadilisha masomo ya mtoto kwa miaka.

Kama nyumbani hakuna kompyuta

Kwa familia nyingi simu ndiyo kompyuta pekee. Habari njema ni kwamba kwa sababu kibao hujitambulisha kama kibodi, simu nyingi za Android hukipokea pia kupitia kile kiunganishi kidogo kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu kwa jina la OTG.

Simu hizo zinaweza pia kutumia kipengele cha bure kiitwacho Switch Access. Kikiwashwa, alama ya rangi inatembea yenyewe juu ya kioo, kutoka kitu kimoja hadi kingine. Alama ikifika mahali mtoto anapotaka, anabonyeza kitufe chake. Hahitaji kugusa kioo hata mara moja.

Simu za Android zinaweza pia kusoma maandishi kwa sauti ya Kiswahili. Kwenye kompyuta, kivinjari cha Microsoft Edge kina sauti za Kiswahili cha Tanzania, moja ya kiume na moja ya kike, zilizopewa majina ya Daudi na Rehema. Sauti hizo zinahitaji intaneti. Mtoto asiyeongea akibonyeza kitufe kinachoandika sentensi, na kingine kinachoamuru isomwe, mwalimu anasikia ujumbe wake kwa lugha anayoielewa.

Mahali ambapo bando ni shida kuna njia nyepesi zaidi. Kaka au dada wa umri unaokaribiana na wa mtoto anarekodi sentensi fupi kwa sauti yake: "Mama, nina kiu." "Naomba kwenda chooni." "Mguu unaniuma." Kila kitufe kinafungua rekodi moja. Sentensi si lazima ziwe za Kiswahili peke yake. Nyumba inayozungumza Kinyakyusa inaweza kuweka "Ugonile" kwa ajili ya bibi wa Tukuyu, na nyumba ya Kihehe ikaweka "Kamwene". Mtoto ambaye hajawahi kumsalimia mkubwa wake anapata zamu yake.

Kitufe kimoja, herufi zote

Wazazi wengine watauliza: kama mtoto ana uwezo wa kubonyeza kitufe kimoja tu, ataandikaje insha?

Jibu lake lipo kwenye maisha ya mwanasayansi Stephen Hawking wa Uingereza. Yeye hakuwa na mtindio wa ubongo. Alikuwa na ugonjwa wa neva za misuli uliogunduliwa mwaka 1963 akiwa na miaka 21. Mwaka 1985 alipoteza sauti kabisa baada ya kutobolewa koo ili aweze kupumua. Baadaye alizungumza na kuandika kwa kubonyeza swichi moja mkononi. Maneno na herufi zilipita mbele yake kwenye skrini, naye alibonyeza pale alilolitaka lilipofika. Mkono ulipodhoofika, walimwekea kihisio kwenye miwani kilichosoma mwendo mdogo wa msuli wa shavu. Aliendelea kuandika na kufundisha dunia hadi alipofariki Machi 2018.

Njia hiyo haikuwa ya Hawking peke yake. Kibodi ya kwenye skrini iliyomo ndani ya Windows ina mpangilio unaofanana nayo. Safu za herufi zinawaka moja baada ya nyingine. Mtoto anabonyeza safu yenye herufi yake, kisha herufi za safu hiyo zinaanza kuwaka, naye anabonyeza tena. Kasi inaweza kupunguzwa kulingana na mtoto.

Ni kazi ya polepole. Neno "mama" linaweza kuchukua dakika kadhaa. Hapo ndipo vitufe vilivyopangiwa kazi vinapokuwa na thamani. Vile vitu vya kurudia kila siku, yaani jina, tarehe, kufungua, kuhifadhi na kufuta, vinaachiwa kitufe, na nguvu ya mtoto inabaki kwa neno analotaka kulisema yeye mwenyewe.

Anza na mwili, kisha kompyuta

Kosa ambalo ni rahisi kulifanya ni kununua kifaa kwanza na kutafuta mahali pa kukiweka baadaye. Utaratibu unaofaa ni kinyume chake.

Kwanza ni ukaaji. Mtoto anayeteleza kwenye kiti hutumia nguvu zake zote kujizuia asianguke, na mkono haubakiwi na kitu. Nyayo zake zikanyage chini au juu ya kibao, nyonga zikae nyuma ya kiti, mgongo uegemee, na viwiko vipate pa kujiegemeza. Fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti cha aina hiyo, lakini vipimo vitoke kwa mtaalamu wa tiba ya viungo au wa tiba kwa vitendo.

Pili ni kutafuta mwendo. Mzazi amtazame mtoto kwa siku chache anapocheza na anapokula. Ni kiungo gani anakituma kwa hiari yake, anakirudisha, na anaweza kurudia bila mwili mzima kukaza? Kwa mmoja ni kidole cha shahada, kwa mwingine ni ngumi, kiwiko, goti, mguu au pembeni ya kichwa. Mwandishi Christy Brown wa Ireland, aliyezaliwa mwaka 1932 na mtindio wa ubongo, aliandika na kuchora kwa mguu wake wa kushoto. Kitufe kinafuata mwendo ulipo. Mtoto hafuati kitufe.

Tatu ni kuanza na kitufe kimoja chenye jambo moja la kufurahisha, kama wimbo anaoupenda, picha ya baba au sauti ya mbuzi. Lengo la mwanzo ni mtoto ajue kuwa yeye amebonyeza na jambo limetokea. Akishaelewa hivyo, kinaongezwa cha pili ili aanze kuchagua. Kumpa vitufe tisa siku ya kwanza ni kama kumpa mtoto wa darasa la kwanza kitabu cha kidato cha nne.

Nne ni kusubiri. Ujumbe unapotoka kwenye ubongo kwenda mkononi, kwa watoto hawa huchelewa njiani. Mtu mzima anayeona kimya huharakisha kusaidia, akamshika mkono na kumbonyezea. Kwa mtoto, hapo nafasi yake imechukuliwa. Uliza, kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi au zaidi kabla ya kurudia swali.

Vipindi viwe vifupi. Dakika kumi na tano zenye furaha mara mbili kwa siku zinafaa kuliko saa nzima ya kuchoka na kulia.

Fundi anaweza kusaidia wapi?

Vitufe vikubwa vilivyotengenezwa maalumu kwa watu wenye ulemavu huuzwa ghali nje ya nchi. Lakini vingi vinatumia plagi ya milimita 3.5, ileile ya spika za masikioni. Fundi redio au fundi simu anayejua kuchomelea waya wa spika hizo anaweza kuunganisha kitufe kikubwa na plagi hiyo.

Chipu zenyewe pia zimeshuka bei. Raspberry Pi Pico, ambayo inaweza kupangwa ijitambulishe kama kibodi, ilitolewa Januari 2021 kwa dola 4 za Marekani. Kufika huku bei huongezeka kwa usafiri na faida ya muuzaji, lakini bado haifanani na bei ya kifaa kilichotengenezwa tayari.

Seremala naye ana sehemu yake. Kwa mtoto anayeweza kutumia kibodi ya kawaida ila anagusa vitufe vya jirani, ubao mwembamba wenye matundu huwekwa juu ya kibodi. Kiganja kinapumzika juu ya ubao, na kidole kinaingia kwenye tundu moja. Hauhitaji umeme wala programu.

Mambo ya kuchunga

Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo, takriban mmoja kati ya wanne, wana kifafa pia. Vibao vingi vya kisasa huja na taa za rangi zinazowakawaka kwa sababu vinatengenezwa kwa wacheza michezo. Kwa baadhi ya watu wenye kifafa mwanga unaomwekamweka unaweza kuamsha degedege. Taa hizo zizimwe kabla mtoto hajakaa mbele ya kifaa, na dawa za kifafa ziendelee kama daktari alivyoelekeza.

Mate yakiingia ndani ya kibao yanakiharibu. Mfuko laini wa plastiki unaobana juu ya vitufe unatosha kukikinga, nao ufungwe vizuri ili mtoto asiuvute mdomoni wala usoni. Vifuniko vya vitufe vinavyobanduka navyo ni hatari ya kukaba koo kwa mtoto na kwa wadogo zake.

Mzazi asipange kitufe cha kuandika neno la siri la kompyuta, wala namba ya siri ya huduma za fedha za simu. Kibao hakijui nani amekibonyeza.

Mkono ukianza kuuma, kuvimba au kukaza kuliko kawaida baada ya mazoezi, acha na umwone mtaalamu. Kibao hiki hakitibu mtindio wa ubongo na hakichukui nafasi ya kliniki.

Kitufe cha jina na kitufe cha jibu

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu uliridhiwa na Tanzania mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikapitishwa mwaka 2010. Mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma kama mwenzake. Hata hivyo, mzazi anayefika shuleni na kifaa kisichojulikana anaweza kukutana na swali la haki pia: je, kompyuta ndiyo inayofanya kazi au ni mtoto?

Swali hilo ni zuri, na mzazi ajiulize mwenyewe kabla ya kuulizwa. Kitufe kinachoandika jina, tarehe na kichwa cha somo kinamwondolea mtoto taabu ya mkono. Kitufe kinachoandika jibu kinamwondolea taabu ya kufikiri, na hiyo ndiyo iliyompeleka shule. Hadithi aliyoamriwa kuisimulia isikae ndani ya kitufe. Hesabu ya 7 jumlisha 5 ataitafuta yeye. Kibao kimpe tu njia ya kuifikisha 12 kwenye ukurasa.

Ndivyo ilivyo hata nyumbani. Kama vitufe vyote vinasema "asante", "shikamoo" na "ndiyo mama", kifaa kinamfundisha utii tu. Awe na kitufe cha "sitaki". Awe na cha "nina jambo la kusema". Mtoto anayeweza kukataa chakula kilichopoa, au kueleza kuwa kuna mtu anamuumiza, yuko salama zaidi kuliko anayeweza kusalimia tu.

Kuhusu mitihani ya taifa, Necta huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Matumizi ya kifaa ndani ya chumba cha mtihani ni suala la kanuni, hivyo mzazi azungumze na mwalimu mkuu na ofisi ya elimu maalumu ya halmashauri mapema, mtoto akiwa madarasa ya chini, badala ya kusubiri mwaka wa mtihani.

Pa kuanzia Mbeya na Iringa

Mlango wa kwanza ni hospitali. Mzazi wa Mbeya anaweza kuulizia huduma za tiba ya viungo na tiba kwa vitendo katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na wa Iringa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Wataalamu wa tiba kwa vitendo hapa nchini ni wachache. Wengi wamefundishwa KCMC mjini Moshi. Kama hospitali ya karibu haina, aombe kuelekezwa mahali walipo. Aende na swali lililo wazi: "Mtoto wangu anaweza kutumia kiungo gani kubonyeza kitufe, na akae vipi?"

Jijini Mbeya kuna pia Child Support Tanzania, shirika lililoanzishwa na Noelah Msuya, ambalo kazi yake ni elimu jumuishi, yaani watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu kusoma pamoja. Kwa mzazi aliyekuwa akimficha mtoto ndani, kuona watoto wa aina hiyo darasani ni somo tosha.

Iringa nako kuna Neema Crafts, karakana ya Kanisa Anglikana Dayosisi ya Ruaha iliyoanza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Leo ni mahali ambapo watu wazima wenye ulemavu wa aina mbalimbali wanafanya kazi na kulipwa. Mzazi anayemwona mtoto wake wa miaka sita na kujiuliza atakuwa nani akifika thelathini, apite pale akanywe chai.

Wiki hii, kabla ya kununua chochote, mzazi anaweza kufanya mambo matatu. Amtazame mtoto na kuandika miendo yote anayoifanya kwa hiari. Awashe mipangilio ya bure kwenye simu au kompyuta aliyonayo. Na amuulize mtoto, kwa ishara, macho au picha, ni sentensi gani moja angependa kuweza kuisema.

Sentensi hiyo ndiyo iwe kitufe cha kwanza, hata kama si ile ambayo mama angeichagua.